Tredmili ya kawaida, ya kamba, roboti au chini tu? Ulinganisho kwa mzazi wa mtoto mwenye CP (cerebral palsy, mtindio wa ubongo)

Siku ya kwanza binti yangu, ambaye ana CP, kupandishwa kwenye tredmili, ile mashine ya mkanda unaozunguka unatembea juu yake palepale, alilia dakika 12 kati ya 15. Nilihesabu kwa sababu saa ilikuwa ukutani mbele yangu na mimi nilipewa kazi moja tu, kushika kiatu cha kushoto kisivuke katikati kwenda kukanyaga cha kulia. Wiki ya tatu alikuwa anatembea huku anaimba. Sasa mzazi akiona hivyo anasema basi dawa imepatikana, na mimi nilisema hivyohivyo, nikamwambia kila mtu, mpaka nilipokaa nikaangalia vizuri kwamba akishushwa sakafuni ni yuleyule wa zamani, hatua sita anatafuta pa kushika. Hapo ndo nikaanza kusoma na kusumbua watu kwa maswali. Haya ninayoandika ni kwa mzazi ambaye ameambiwa achague na hata haelewi anachagua kati ya nini na nini.

Vitu utakavyotajiwa ni vinne. Kuna chini, yaani sakafuni au nje, kwa kushikwa mikono, kwa magongo au kwa ile fremu ya magurudumu. Kuna tredmili ya kawaida, mtoto anashika vyuma vya pembeni na mtu mzima amesimama nyuma yake. Kuna tredmili ya kamba, mtoto anavalishwa hanesi kiunoni na mapajani kama mafundi wa nguzo za umeme, anavutwa juu kidogo ili miguu isibebe uzito wote. Na kuna roboti, miguu ya mtoto inafungwa kwenye miguu ya chuma yenye mota inayomtembeza, inayojulikana zaidi ni Lokomat ya kampuni ya Hocoma ya Uswisi.

Kabla ya kulinganisha chochote jua mtoto wako yuko ngazi gani. Kipimo kinaitwa GMFCS, kilitoka 1997 kikapanuliwa 2007, kina ngazi 5 na hakina mashine wala sindano, ni kuangalia tu anavyojimudu kwenye maisha ya kila siku. Ngazi ya I anatembea popote na kupanda ngazi za nyumba bila kushika, shida inaonekana akikimbia au akitakiwa balansi. Ya II anatembea mwenyewe ila umbali mrefu na ardhi yenye mashimo vinamsumbua. Ya III anatembea na kifaa mkononi, magongo au fremu. Ya IV kutembea kupo kidogo tena kwa msaada mkubwa, safari nyingi ni kiti cha magurudumu. Ya V anasukumwa kila mahali na hata kichwa kukishika ni kazi. Binti yangu ni wa III. Muulize daktari wa mazoezi "wangu ni ngapi?" bila aibu, na ukisikia mzazi anasifia tiba fulani muulize na yeye wake ni ngapi, maana kilichomsaidia mtoto wa ngazi ya II kinaweza kisiwe na maana yoyote kwa wa IV, na hapa ndo watu wengi tunapotezana.

Chini au tredmili ya kawaida

Hapa nitakaa sana kwa sababu wengi wanadharau chini, wanaona kama ni kitu cha wasio na uwezo wa mashine.

Faida kubwa ya tredmili ni idadi ya hatua. Piga hesabu na mimi. Mashine ikienda kilomita 0.8 kwa saa kwa dakika 15 mtoto amekwenda mita 200. Kama hatua yake ni sentimita 20 hizo ni hatua 1,000, bila kusimama kuangalia paka, bila kugombana nani anashika mkono gani. Mita 200 hizohizo kwenye korido ya mita 10 ni kwenda na kurudi mara 10, na kila mwisho wa korido kuna kugeuka, kuna kukaa, kuna "nimechoka", kuna kuomba maji. Sisi nusu saa ya korido ilikuwa inatupa kama nusu ya hizo hatua siku akiwa na moyo. Na ubongo wa mtoto unajifunza kwa kurudia, hakuna njia ya mkato hapo, mtu hajifunzi kutembea kwa kunyooshwa miguu amelala kwenye mkeka. Mapitio makubwa ya tafiti ya mtafiti Iona Novak na wenzake ya 2020, yale ya kupanga tiba za CP kwa rangi za taa za barabarani, yaliweka tredmili upande wa kijani, yaani fanya, pamoja na mazoezi ya kurudia kitendo chenyewe unachokitaka.

Kuna na jambo la pili, mkanda wenyewe. Unarudisha mguu nyuma, nyonga inanyooka, na ule mvuto wa nyonga unausaidia mguu kuanza hatua inayofuata. Wazo hili lilitokana na paka, sitanii, mwaka 1987 watafiti huko Montreal, Barbeau na Rossignol, walionyesha kwamba paka aliyekatwa uti wa mgongo anaweza kufundishwa kupiga hatua tena kwa miguu ya nyuma akiwa juu ya tredmili. Mtoto si paka na CP shida iko kwenye ubongo na si kwenye uti, ila hapo ndipo watu walipoanzia.

Sasa upande wa chini. Tredmili haimfundishi mtoto kuanza kutembea, haimfundishi kusimama, haimfundishi kugeuka wala kuvuka kizingiti cha mlango, na hivyo vinne ndo maisha yenyewe. Kwenye mashine barabara inakuja yenyewe, mtoto anaitikia tu. Sakafuni lazima aamue aende, ajisukume, aone kiti kiko njiani akikwepe. Ndo maana binti yangu alikuwa bingwa juu na chini akawa vilevile. Kosa halikuwa la mashine, ni sisi tulimshusha tukamweka kwenye kiti chake na kwenda nyumbani.

Nani aende wapi basi? Kwa mtoto wa I mpaka III ambaye anaweza kusimama akishikilia vyuma, tredmili ya kawaida ina nguvu kuliko nilivyodhani. Utafiti mmoja wa Brazil wa 2013 ulichukua watoto wa ngazi hizo, nusu saa mara 2 kwa wiki kwa wiki 7, wengine tredmili bila kamba wengine chini, na wa tredmili walitoka mbele kwenye umbali wanaotembea kwa dakika 6 na kwenye balansi. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 17 zenye watoto 451, nayo yanaelekea hukohuko kwa tredmili isiyo na kamba, ila watoto waliopimwa hasa kwenye swali hilo ni wachache kwaiyo usiende kumkaripia daktari wako nayo.

Kasi ni kitu kidogo kinachoharibu kila kitu. Tredmili nyingi za gym zinaanzia 0.8 au 1, na kilomita 1 kwa saa ni sentimita 28 kila sekunde, mtoto mwenye hatua ya sentimita 20 inabidi apige hatua karibu moja na nusu kwa sekunde. Wengine hawawezi, wanaanza kuburuzwa, wanakunja magoti, wanainuka kwenye vidole. Mashine za tiba zinaanzia chini zaidi na zinapanda kwa 0.1. Kama ya kwenu haishuki chini ya 1 na mtoto anaburuzwa basi hiyo si ya kwake bado.

Tredmili ya kamba

Hii ndo inayovutia macho. Ukimwona mtoto ambaye hajawahi kusimama anapiga hatua juu ya mkanda, hata kama mmoja amekaa kushoto anashika mguu, mwingine kulia na wa tatu nyuma anashika nyonga, machozi yanatoka yenyewe. Mimi yalinitoka.

Ila sikiliza. Cochrane hiyohiyo ilipolinganisha tredmili ya kamba na kukaa bila mazoezi yoyote ya kutembea, kamba zilishinda kidogo kwenye kasi. Ilipolinganisha na kutembea chini kwa dakika zilezile, tofauti ya maana haikuonekana. Na kuna utafiti wa Australia wa 2010, watoto wa ngazi ya III na IV, mashuleni, mara 2 kwa wiki kwa wiki 9, waliofanya chini ndo walielekea kutembea umbali mrefu zaidi kwa dakika 10 kuliko wa kamba. Kwaiyo mtoto ambaye anaweza kutembea chini kwa fremu hata kama ni kwa shida, mimi siwezi kukwambia ukatafute kamba.

Kamba zina kazi yake kwa mtoto ambaye chini hawezi kupata hatua za kutosha. Wa IV ambaye akishikwa makwapani anapiga hatua nane halafu wewe mgongo umeisha. Mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji na misuli imelegea, wakimruhusu kukanyaga. Mtoto anayeogopa kuanguka mpaka mwili wote unakakamaa, ukimning'iniza hofu inashuka na miguu inalegea ikaanza kuachiana. Hapo swali la "chini au kamba" linakufa lenyewe kwa sababu chini hakuna kinachofanyika.

Sasa angalia wanavyozitumia. Kiliniki moja tuliyopitia walimpunguzia binti yangu uzito asilimia 40 siku ya kwanza, sawa, wengi wanaanzia kwenye 30 mpaka 40, shida ni kwamba miezi miwili baadae ilikuwa bado 40. Alikuwa anaelea. Kisigino hakigusi, vidole vinasugua mkanda mpaka ncha ya kiatu ikatoboka, na karatasini wanaandika "ametembea dakika 20". Hakutembea, alibebwa. Kamba zinatakiwa zipungue kadiri mtoto anavyopata nguvu, kasi na dakika zinapanda, kamba zinashuka. Wewe mzazi huhitaji kusoma namba za mashine, piga magoti uangalie kisigino na goti. Kisigino kinatua? Goti linabeba uzito au linaning'inia tu? Kama linaning'inia sema, hata wakikunja uso.

Halafu hanesi inaumiza. Angalia ngozi ya mapajani na chini ya kwapa kila ukimvua, na mtoto mwenye mrija wa chakula tumboni lazima waambiwe kabla hawajafunga mkanda wa kiunoni.

Roboti

Hapa fupi. Inatoa hatua nyingi sana zinazofanana na daktari wa mazoezi haumii mgongo, hilo ni kweli. Ya watoto inahitaji paja la kama sentimita 21 hivi kwenda juu, kwaiyo kwa kawaida ni kuanzia miaka 4, mdogo zaidi haenei. Wasiwasi wangu ni kwamba mtoto mjanja anagundua haraka mota inafanya kazi yote, anaacha miguu iende yenyewe na kuangalia katuni kwenye skrini. Wataalamu wazuri wanapunguza msaada wa mota ili ajikaze. Kama ipo karibu na mtoto anaipenda, fanya. Kuhama mji kwa ajili yake, mimi nisingehama.

Kiliniki au nyumbani

Nadhani hili ndo swali kubwa kuliko aina ya mashine na watu hawaliulizi. Mara 2 kwa wiki kiliniki ukitoa kusubiri, kuvua, kuvalisha splinti (kile kifaa kigumu cha kushikilia kifundo na mguu), kulia na kubembelezwa, hatua zenyewe zinabaki kidogo. Nyumbani unaweza kila siku.

Kuna ushahidi kwamba wazazi tunaweza. Mwaka 2001 huko Marekani ulitoka utafiti wa watoto wachanga wenye Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo), wazazi waliwekewa vitredmili vidogo nyumbani, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, na watoto wakatembea siku 101 mapema kuliko wenzao. Hii namba ya siku 101 utaisikia sana kwenye matangazo ya mashine, jua ni Down, si CP, Down misuli imelegea na ubongo haujaumia kama wa kwetu. Kwa CP kuna utafiti mdogo wa 2013, watoto wadogo 12 tu, nyumbani, mara 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 6, na waliotumia tredmili walisogea mbele kwenye kutembea. Watoto 12 ni wachache, ila angalia hicho kipimo, mara 12 kwa wiki! Kiliniki gani itakupa hiyo?

Ubaya wa nyumbani ni hatari na uchovu wako. Ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ibanwe kwenye nguo ya mtoto au iwe mkononi mwako, kila siku, hata siku ya haraka. Vyuma vya pembeni viwe kimo cha mtoto, akinyoosha mikono juu kama ananing'inia kwenye basi atainama mbele na kutembelea vidole, sisi fundi alituongezea bomba kwa chini kidogo. Usimwache nyuma ya mashine mdogo wake acheze, vidole vinaingia kwenye mkanda. Na usianze peke yako, daktari wa mazoezi aje au atume video, akuonyeshe wapi pa kushika, maana ukizoesha mwendo mbaya mara 12 kwa wiki umeuzoesha kweli.

Na kama nyumbani hakuna mashine wala mpango wa kuwa nayo, chini ipo. Fremu na sehemu iliyonyooka, hesabu hatua kwa sauti, weka lengo dogo. Kwa mtoto wa III hiyo haiko nyuma ya tredmili ya kamba hata kidogo, na nimeshasema kwa nini.

Kabla hajapanda popote

Nyonga. Karibu theluthi ya watoto wenye CP nyonga zinahama kutoka kwenye tundu lake, ngazi ya I karibu hakuna, ngazi ya V inafika asilimia 90, na mara nyingi inaanza kimyakimya bila maumivu. Wa III kwenda juu apigwe eksirei ya nyonga na irudiwe kwa ratiba ya daktari. Ambaye kila siku anakataa kukanyagia mguu mmoja au analia ukimpanua miguu kubadilisha nguo, usimpeleke kwenye mashine, mpeleke kwa daktari kwanza. Kifafa kisichotulia nacho kisemwe mapema. Mifupa iliyowahi kuvunjika kirahisi vilevile, hao wa kutosimama kabisa mifupa yao ni dhaifu.

Splinti avae au avue? Kwetu alivaa, kwa sababu bila splinti kisigino hakishuki kabisa. Wengine wanavua dakika chache za mwisho ili mguu ufanye kazi wenyewe. Hilo muulize anayemjua mtoto, mimi sina jibu la wote. Soksi ndefu isiyo na mshono ndani ya splinti hilo nina jibu, nunua.

Tulichofanya sisi

Tulichanganya. Tredmili ya kawaida dakika 15, halafu palepale akishuka, miguu ikiwa bado ina joto, dakika 10 chini na fremu, na hizo 10 ni za vitu ambavyo mashine haifundishi, kuanza, kusimama nikisema "simama", kugeuka, kuvuka kamba niliyoilaza sakafuni kama kizingiti. Mwanzo alikuwa anachukia hizo 10 kuliko 15 za mwanzo. Wiki 8 tukapumzika mbili.

Na tunapima chini, hatupimi kwenye mashine. Namba ya kwenye skrini ya tredmili inadanganya, inakwambia mashine imekwenda umbali gani. Nimebandika utepe sakafuni, mita 10, mwanzo na mwisho, anapewa nafasi kidogo ya kuanzia kabla ya utepe, tunapima sekunde mara tatu tunachukua ya katikati, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, fremu ileile viatu vilevile. Kabla hatujaanza kuchanganya ilikuwa sekunde 44. Mwezi uliopita ilikuwa 31, na alipofika mwisho wa utepe aligeuka kuniangalia kama nimeona, akayumba, akashika mlango. Kwaiyo mwezi huu zile dakika 10 za chini ni kugeuka tu, kushoto kwanza kwa sababu kushoto ndo kubaya.